Inman Park, Mtaa Uliozaliwa na Reli

Inman Park, mashariki ya katikati ya jiji la Atlanta, Marekani, husifiwa kwa majumba yake ya mbao yenye minara na baraza pana. Lakini majumba hayo yalifuata reli. Mwaka 1889 mfanyabiashara Joel Hurt alinyoosha barabara ya Edgewood kutoka mjini hadi kwenye viwanja alivyotaka kuviuza, akapitisha humo tramu ya kwanza ya umeme jijini. Bila tramu, nani angenunua kiwanja mbali na ofisi yake? Na bila wanunuzi, tramu ingebeba nani? Kwa hiyo karakana ya tramu ya wakati huo, ambayo bado imesimama Edgewood, ina uzito zaidi kuliko jumba lolote: ndiyo inayoeleza kwa nini mtaa ulikuwapo.

Reli hiyo hiyo inaeleza pia kuporomoka kwake. Magari yalipoenea, wenye fedha hawakuhitaji tena kuishi kando ya njia ya tramu; wakahama, na majumba yao yakagawanywa vyumba vya kupangisha. Baadaye jimbo la Georgia likabomoa nyumba nyingi kupisha barabara kuu. Wakazi walioanza kukarabati majumba wakaunda chama mwaka 1970, wakashirikiana na mitaa jirani hadi mradi ukafutwa. Mwaka 1973 mtaa uliingizwa katika rejesta ya taifa ya maeneo ya kihistoria.

Wapo wasemao kwamba ukarabati ulipandisha bei na kuwang'oa wapangaji maskini. Hoja hiyo haipuuziki, ila barabara kuu isingewaachia hata paa. Kosa kubwa zaidi ni kutunza mbao na kusahau watu. Sheria ya Georgia ya 1891 iliagiza weusi na weupe watenganishwe ndani ya tramu, na kampuni za Hurt zilikodi wafungwa, wengi wao weusi, kufanya kazi migodini, hadi jimbo lilipoukomesha mfumo huo mwaka 1908. Atakayeona kwamba kuyataja haya ni kuuchafua mtaa akumbuke kuwa tramu ilibeba vyote pamoja: umeme, faida na ubaguzi. Karakana ikihifadhiwa bila habari hizo, kitakachobaki ni jengo tu.