Dawa nyekundu ya kifua kikuu ilitoka ku udongo: namna watalamu wanatafuta zingine ndani ya jeni za bakteria

Kila mtu aliyekunywa dawa za kifua kikuu hapa mashariki anakumbuka siku za kwanza: mkojo unabadilika, unakuwa na rangi kama ya mawese, na wengine wanafikiri ni damu. Rangi ile inaletwa na rifampisini, dawa ambayo njo nguzo ya matunzo ya ugonjwa huo. Asili yake ni udongo.

Kunako mwaka 1957, udongo kidogo uliokusanywa katika pori la misonobari karibu na Saint-Raphaël, kusini mwa Ufaransa, ulifikishwa katika maabara ya kampuni Lepetit, mjini Milano, Italia. Ndani mulikuwa bakteria yenye kutengeneza kitu kinachoua mikrobe zingine. Watafiti walikipa jina la rifamisini, kwa kuchekesha tu, kufatana na filamu ya Kifaransa Rififi. Walikibadilisha kidogo, na katika miaka ya 1960 wakapata rifampisini. Mbele yake, mwaka 1943, Albert Schatz, akifanya kazi katika maabara ya Selman Waksman kule New Jersey, Marekani, alikuwa amekwisha kupata streptomisini, nayo kutoka bakteria ya udongo.

Bakteria hizo ni Streptomyces na jamaa zake. Ni zile zile zinazotoa harufu ya udongo wakati mvua ya kwanza inanyesha. Ndani ya udongo zinaishi mingi sana, zinagombania chakula, na silaha zao ni sumu ndogondogo. Sumu kwa mikrobe, dawa kwa mtu. (Hii haimaanishi mtu apake udongo ku kidonda: mikrobe ya pepopunda pia inaishi mule mule.)

Zamani kazi ilikuwa kuotesha bakteria katika sahani na kuangalia kama inaua jirani yake. Njia hiyo ilizaa dawa nyingi, kisha watafiti wakaanza kuangukia zile zile walizokwisha kujua. Kampuni nyingi ziliachana na udongo.

Mwaka 2002, watalamu wa Uingereza walitangaza jenomu nzima ya Streptomyces coelicolor, maana yake maandiko yote ya urithi wake, herufi zaidi ya milioni 8. Mule waliona vikundi zaidi ya 20 vya jeni vinavyoonekana kuwa vya kutengeneza vitu vya namna ile, wakati vilivyojulikana vilikuwa vichache tu. Ni sawa vile mama anayejua kupika vyakula makumi mawili, lakini kwake unakula kila siku paka bugali na sombe. Zingine anazijua, sababu ya kuzipika njo haijafika.

Kazi ya kutafuta vikundi hivyo inaitwa kuchimba jenomu. Kwetu neno kuchimba lina uzito wake, lakini hapa hakuna beleshi wala shimo. Jeni zinazotengeneza kitu kimoja zinakaa pamoja, moja kando ya ingine, kwa hiyo programu ya ordinatere inaweza kuzitambua. AntiSMASH, iliyotoka mwaka 2011, inatumiwa sana. Kisha inabaki sehemu ngumu: kuamsha jeni zinazolala. Wanabadilisha chakula cha bakteria, ao wanaiweka karibu na adui, ao wanahamisha kikundi chote cha jeni ndani ya bakteria ingine iliyo rahisi kufuga. Namna hii ya mwisho inasaidia sana, kwani sehemu kubwa ya bakteria za udongo zinakataa kuota katika sahani. ADN yake inatolewa moja kwa moja ku udongo.

Hapo njo rifampisini inarudi. Dawa hii inakamata chombo ambacho mikrobe inatumia kusoma jeni zake, na kukizuia. Mikrobe ikibadilisha umbo la chombo hicho kidogo tu, dawa haipati tena mahali pa kushika. Ni hali hiyo mashine ya GeneXpert inatafuta ndani ya makohozi, na mgonjwa anayekutwa nayo anapewa dawa zingine. Kikundi cha Sean Brady, kwenye Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, kilijiuliza: bakteria za udongo zimepigana na silaha hii tangu zamani, je, hakuna iliyoinoa upya? Walitafuta ndani ya ADN ya udongo jeni zinazofanana na zile za rifamisini. Mwaka 2018 walitangaza kama kanglemisini, ndugu wa rifamisini, zinaua mikrobe nyingi zinazoshinda rifampisini, kwa sababu zina sehemu za ziada zinazoshika pembeni, mahali pengine pa chombo kile.

Ilikuwa kazi ya maabara. Kutoka pale mpaka kidonge ni miaka mingi na pesa mingi, na antibiotiki haziletei kampuni faida kubwa.

Kuna swali lingine linalogusa Congo yenyewe. Mkataba wa Nagoya wa 2010 unataka nchi iliyotoa bakteria ipate sehemu ya faida. Lakini ADN ikiisha kusomwa, inasafiri ku intaneti bila hata gramu moja ya udongo kuvuka mpaka. Kule Cali, Kolombia, mwaka 2024, mataifa yalikubaliana kuunda mfuko ambamo kampuni kubwa zinazotumia habari hizo zinapaswa kutia asilimia 1 ya faida ao 0,1 ya mapato yao. Hakuna anayezilazimisha.