Kutuma video kubwa kwa simu: nini kinafika, na nani analipa?

Familia nyingi zilizoko vijijini zina ndugu anayehangaikia maisha Dar es Salaam, na wengi wao huzunguka Kariakoo: dukani, kwenye mizigo au kwenye biashara ndogo za pembeni mwa barabara. Mjini kukiwa na harusi, kipaimara au msiba, wa nyumbani ambao hawakupata nauli huomba jambo moja: "Turushie video."

Hapo ndipo shida inapoanza. Video inagoma kwenda, au inafika ikiwa na ukungu hata sura hazitambuliki, au inamaliza bando la aliyetuma na la aliyepokea. Makala hii inaeleza sababu zake na njia zinazofaa.

Kwa nini video ni nzito?

Video ni picha nyingi zinazopita haraka, mara nyingi 30 kwa kila sekunde, pamoja na sauti. Kadiri picha zinavyokuwa safi, ndivyo video inavyokuwa nzito. Simu nyingi za kisasa hurekodi kwa kiwango kinachoitwa 1080p, na kwa kiwango hicho dakika moja inaweza kufika MB 130 hivi. Harusi ya dakika 12 inakuwa zaidi ya MB 1,500, yaani GB 1 na nusu.

Ukirekodi kwa 720p, dakika moja huwa karibu MB 60, na zile dakika 12 zinabaki kama MB 720. Kwenye kioo cha simu watu wengi hawaoni tofauti kubwa. Kiwango hiki huchaguliwa kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kurekodi. Ukijua tangu mwanzo kwamba video itasafiri kwenda kijijini, punguza hapo.

WhatsApp inafanyaje?

Ukituma video kwa njia ya kawaida, WhatsApp huipunguza yenyewe ili iwe nyepesi. Ndiyo maana harusi iliyokuwa safi kwenye simu ya Kariakoo inafika ikiwa na ukungu. Kabla ya kutuma, tazama juu ya kioo kama kuna herufi HD. Ukizigusa, video itapunguzwa kidogo zaidi kuliko kawaida, lakini bado haitakuwa kama ya awali.

Ukitaka ifike ilivyo, itume kama waraka. Gusa alama ya kuambatisha, chagua Document badala ya picha na video, kisha itafute video yako. Kwa njia hii WhatsApp hupokea faili la hadi GB 2 na haiguswi ubora wake. Telegram nayo inaruhusu hadi GB 2 kwa kila faili.

Lakini kumbuka hesabu ya bando. Anayetuma GB 1 na nusu anatumia GB 1 na nusu, na kila anayeipakua naye anatumia kiasi hichohicho. Kundi la ukoo lenye watu 20 likipakua video hiyo, kwa pamoja limetumia GB 30. Kwa kijana wa mjini hiyo inaweza kuwa gharama ya kawaida. Kwa bibi anayewekewa bando la wiki na mjukuu wake, limekwisha siku hiyohiyo.

Mambo matatu yanasaidia. Kwanza, zima upakuaji wa moja kwa moja kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, ili mwenye simu aamue mwenyewe nini kishuke. Pili, ukitaka kumpa mtu mwingine video uliyokwisha kuituma, isambaze kutoka kwenye mazungumzo yaleyale badala ya kuichagua upya kwenye simu. Mara nyingi haitapakiwa tena, na bando lako litapona. Tatu, kata kipande. Kama mama anataka kuona wakati wa kuvishana pete tu, dakika 2 zinatosha, na mzigo unashuka kutoka MB 1,500 hadi MB 260 hivi.

Kama simu ya mpokeaji imezimwa au haina mtandao, usiwe na haraka ya kutuma tena. WhatsApp huutunza ujumbe ambao haujapokelewa kwa siku 30.

Kutuma kiungo badala ya video

Njia nyingine ni kuiweka video kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha kuwatumia ndugu kiungo tu. Akaunti ya Google inatoa GB 15 bila malipo, lakini nafasi hiyo wanaigawana Google Drive, Google Photos na barua pepe za Gmail. Ikijaa, ama unafuta ama unalipia.

YouTube pia inafaa kwa ndugu wenye bando dogo, kwa sababu mtazamaji anaweza kuchagua ubora wa chini na kutazama anachokitaka tu. Akaunti isiyothibitishwa kwa namba ya simu haipokei video inayozidi dakika 15. Wakati wa kupakia, angalia nani ataiona: wote, wenye kiungo tu, au uliowachagua wewe. Video ya familia isiachwe wazi kwa wote kwa kutojua.

Mkiwa pamoja, msitumie bando

Kama ndugu amekuja mjini, au wewe umerudi nyumbani sikukuu, hakuna haja ya intaneti. Simu nyingi za Android zina Quick Share, ambayo zamani iliitwa Nearby Share. Simu mbili zikiwa karibu, video inahama moja kwa moja, na GB 1 na nusu inaweza kumalizika kwa dakika chache. Bluetooth peke yake nayo inaweza, ila ni ya taratibu: mzigo huo unaweza kuchukua zaidi ya saa moja na nusu. Kwa iPhone na iPhone, tumia AirDrop.

Kadi ndani ya bahasha

Njia ya zamani bado ina nguvu: nakili video kwenye memori kadi au flashi, kisha uitume kwa basi la mkoani. Mzigo unaandikwa jina na namba ya simu ya mpokeaji, mtumaji anachukua risiti, na ndugu anaufuata ofisi ya basi. Kwa saa nyingi za video, kadi moja hubeba kwa nauli ya bahasha kile ambacho kingekula mabando kadhaa, na watu kumi wanaweza kunakili kutoka kwake bila kulipia data.

Kuna tahadhari mbili. Kadi bandia zipo sokoni: imeandikwa GB 128 lakini uwezo wake halisi ni mdogo, na video zilizozidi haziwezi kufunguka. Ijaribu kabla ya kuondoka dukani: weka faili kubwa, kisha ulifungue. Ya pili, kadi nyingi za GB 32 na chini yake zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4 hata kama nafasi ipo. Hapo ikate video vipande viwili.

Usifute ya awali mapema

Hili ndilo kosa linaloumiza zaidi. Mtu anatuma video kwenye kundi la WhatsApp, anaona imefika, kisha anaifuta kwenye simu yake ili apate nafasi. Kilichobaki duniani ni ile nakala yenye ukungu. Ikiwa ni video ya mzee akieleza asili ya ukoo au mipaka ya shamba, na mzee ameshatangulia, haiwezi kurekodiwa tena.

Kabla ya kufuta, hakikisha video ya awali iko sehemu mbili tofauti, kwa mfano kwenye kadi na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ifungue huko, uitazame hadi mwisho. Kuona jina la faili tu hakutoshi.

Uliza kwanza

Sura na sauti ya mtu ni yake. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Video ya mgonjwa, ya mtoto au ya marehemu isitumwe kwenye makundi kabla ya kupata ridhaa ya wahusika au familia. Ikishasambaa, hata aliyeituma hawezi kuirudisha.

Kwa ufupi

Video fupi ya kuonja: WhatsApp ya kawaida.
Video unayotaka ifike safi, chini ya GB 2: itume kama waraka.
Ndugu wengi wenye bando dogo: kiungo.
Mkiwa sehemu moja: Quick Share.
Video nyingi na mtandao hafifu: kadi ndani ya bahasha.