Umri wa Mimba: Wiki Zinaanzia Wapi?

Katika kadi ya kliniki ya mama mjamzito kuna sehemu inayojazwa kila hudhurio: umri wa mimba kwa wiki. Tuseme mwanamke wa Kagerankanda, wilayani Kasulu, amerudi nyumbani na kadi iliyoandikwa 32. Jamaa wanagawa kwa nne, wanapata miezi minane, wanasema umebaki mmoja. Nauli, fedha na mtu wa kumsindikiza vinapangwa kwa hesabu hiyo. Lakini wiki 32 ni siku 224, yaani miezi saba na siku kumi hivi. Zimebaki wiki nane, si nne. Mwezi wa kalenda, ukiacha Februari, una zaidi ya wiki nne, na wiki 40 za mimba zingegawanywa kwa nne tungepata miezi kumi, jambo ambalo hakuna bibi angelikubali.

Istilahi yenyewe nayo ina lawama yake. Tukisema umri, msikilizaji hudhani tunahesabu tangu kitu kilipoanza kuwapo. Umri wa mimba hauhesabiwi hivyo. Unaanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wakati mimba haijatunga bado. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, yai huachiliwa karibu na siku ya 14. Hivyo anayeambiwa ana wiki sita, mimba yake imetunga wiki nne tu zilizopita. Mume aliyerejea safari mwezi mmoja nyuma asianzishe ugomvi kwa sababu ya kadi.

Sababu ya kuhesabu hivyo ni ya kawaida kabisa: siku ya kutunga haionekani, siku ya hedhi inaonekana. Kanuni inayofundishwa kwa wakunga hubeba jina la Franz Karl Naegele, tabibu wa uzazi wa Heidelberg, Ujerumani, wa karne ya 19. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7 na miezi 9. Iliyoanza tarehe 10 Novemba 2024 inatoa 17 Agosti 2025, siku 280 kamili. Hiyo ni tarehe ya matazamio, na neno matazamio limechaguliwa vizuri, kwa kuwa watoto wachache sana huzaliwa siku hiyohiyo.

Wapo wanaopenda umri wa ujauzito, kwa adabu, na sina ugomvi nao. Kosa ni kuandika umri wa kijusi mahali pake. Huo huhesabiwa tangu kutunga, na mfasiri anayechanganya viwili hivi amepoteza wiki mbili za mtoto. Mimi nabaki na umri wa mimba, mradi uandikwe kwa wiki, kamwe si kwa miezi.

Ugumu ni pale tarehe ya hedhi haikumbukwi, au haipo: mama ananyonyesha na hedhi haijarudi, au alikuwa anatumia sindano ya uzazi wa mpango. Katika nyanda za Kasulu na Kibondo mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba, kwa hiyo muuguzi anaweza kuuliza: uliona hedhi kabla ya kupanda mahindi au baada ya palizi? Kisha hupapasa tumbo. Kimo cha mimba hufika kitovuni karibu na wiki ya 20, na baada ya hapo sentimita za tepu hukaribiana na wiki. Mapacha huvuruga kipimo hicho. Altrasaundi ya mwanzoni hukosea kwa siku chache tu. Ya miezi ya mwisho inaweza kukosea kwa wiki mbili au tatu, kwa hiyo tarehe iliyopatikana mapema haifutwi na kipimo cha baadaye.

Wiki hizi ndizo zinazoamua matibabu. Dozi ya kwanza ya SP ya kukinga malaria hutolewa kuanzia wiki ya 13. Aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia ni njiti. Mimba iliyovuka wiki 41 huhitaji uangalizi wa karibu.

Dada, andika siku hedhi yako inapoanza, hata ukutani kwa mkaa, na ufike kliniki kabla ya wiki ya 12. Nawe muuguzi, ukishaandika 32, mwambie pia zimebaki nane.