Vumbi, Joto na Mkanda wa Gito

Mwaka 1992 Léonce Ngabo alikamilisha Gito l'ingrat, filamu ndefu ya kwanza ya kuigiza iliyoongozwa na Mrundi. Gito, kijana aliyesoma Paris, anarudi Bujumbura akiamini uwaziri unamngoja. Haumngoji, na wanawake wawili aliowadanganya wanakuja kukutana. Februari 1993, kwenye tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou, filamu hiyo ilipewa tuzo ya Oumarou Ganda, ambayo ni ya kazi ya kwanza ya mwongozaji.

Hadithi tuiache, tutazame mkanda wenyewe. Kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, dakika 90 ni picha 129,600, na mkanda wake wa milimita 35 unakaribia urefu wa kilomita mbili na nusu. Huviringishwa kwenye bobini kadhaa, kila moja ya dakika ishirini hivi. Ukionyeshwa, meno ya chuma huuvuta kwa matundu ya pembeni, husimamishwa kitambo mbele ya taa kali, kisha huvutwa tena, mara 24 kila sekunde.

Upande mmoja wa mkanda ni plastiki, upande wa pili ni utando wa jelatini uliobeba rangi. Punje ya mchanga ikinasa njiani huchora mstari mita kwa mita. Ikichubua plastiki, mtazamaji huona mstari mweusi. Ikichubua jelatini ya nakala ya rangi, mstari huwa wa kijani, kwa kuwa tabaka la juu kabisa ndilo lenye rangi ya zambarau-nyekundu. Ikizama zaidi huwa wa manjano, na ikifika chini kabisa huwa mweupe. Mwonyeshaji mzoefu hakuhitaji kufungua mashine ili ajue ubaya umefika wapi. Aliusoma ukutani.

Adui mwingine ni upya wenyewe. Jelatini ya nakala iliyotoka maabara juzi ingali laini. Ikipata joto la taa hung'ang'ania kwenye mlango wa projekta na kuacha gamba gumu, na gamba hilo ndilo hukwaruza mita zote zinazofuata. Kwa sababu hiyo nakala mpya zilipakwa nta nyembamba kingoni. Gamba lilikwanguliwa kwa kijiti au kitu kingine laini, si kwa kisu wala bisibisi. Wakati wa kurudisha mkanda nyuma, ulipitishwa polepole katikati ya kitambaa kisichotoa nyuzi, huku vidole vikipapasa matundu yaliyochanika. Na bobini iliyoviringishwa kwa ulegevu haikukazwa kwa kuvuta ncha: tabaka husuguana, vumbi lililo katikati likafanya kazi ya msasa.

Watu wa kazi hiyo hawaandikwi sana katika historia ya sinema zetu, na naona ni dhuluma. Zanzibar, nakala moja iliweza kuhudumia majumba mawili usiku mmoja: bobini ya kwanza ikiisha huku, kijana alipanda baiskeli kuipeleka kule, na watazamaji wa kule walimngoja. Kila safari ilikuwa vumbi, joto na mtikisiko.

Historia ya upotevu ni ndefu kuliko ya utunzaji. Kati ya 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu zipatazo 35 kutoka Vugiri, Tanganyika, na kuzizungusha kwa lori Afrika Mashariki na kati. Zinazojulikana kubaki ni chache mno, nazo ziko Uingereza. Za Ruanda-Urundi zilifuata njia kama hiyo. Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa hadi uhuru wa 1962, ilipigwa picha na Wabelgiji wa serikali na wamisionari, lakini mikanda ya asili ilirudi kwao, na leo mtafiti wa Burundi huanzia Brussels, Tervuren au Leuven.

Kule walikuwa na baridi na dawa. Kwa miaka mingi mikanda ilisafishwa kwa kaboni tetrakloridi, iliyoondoa mafuta vizuri na kuharibu ini la msafishaji vizuri vilevile. Ikafuata trikloroethani, nayo ikabainika kula tabaka la ozoni. Chini ya Mkataba wa Montreal nchi tajiri ziliacha kuitengeneza mwaka 1996. Mikwaruzo ya plastiki ilipata tiba ya ajabu: mkanda unanakiliwa ukiwa umezama ndani ya kimiminika kinachopinda mwanga sawa na plastiki, na mkwaruzo unajaa na kutoweka, kama kioo kilichochakaa kinavyong'aa kikiloweshwa. Mkwaruzo wa jelatini hauna tiba hiyo. Rangi imekwisha kwenda.

Joto halifutwi kwa kitambaa. Asetati, plastiki iliyotawala hadi miaka ya 1990, huoza ikitoa asidi yenye harufu ya siki, na asidi hiyo huharakisha uozo zaidi. Taarifa za kwanza zilitoka kwenye hazina ya filamu ya serikali ya India, ndani ya mwongo mmoja tangu Kodak ilipoanza kuiuza mwaka 1948. Katika nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50, mkanda mpya hukaa takriban miaka 40 kabla ya siki kuanza. Bujumbura, kando ya ziwa, wastani ni zaidi ya nyuzi hizo, na masika huongeza unyevu.

Oktoba 21, 1993, miezi minane baada ya tuzo ya Ouagadougou, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa na vita vikaanza. Ngabo alianzisha tamasha la filamu la FESTICAB mwaka 2009, zama ambazo filamu zilianza kufika bila mkanda wala kopo.

Makopo ya mikanda yaliyobaki majumbani yapo. Mwenye kopo asiuoshe mkanda wake kwa maji, sabuni wala petroli, na asiukaze kwa kuvuta ncha. Afungue kopo penye hewa na kunusa. Likinuka siki, alitenge na mengine siku hiyohiyo, aliweke penye ubaridi na ukavu, kisha atafute wa kuunakili mkanda kabla haujakakamaa.