Sura ya Mtawala katika Sarafu Zilizopita Nyanda za Kati

Mjuzi wa sarafu za Roma ya kale akitaka kupima mkono wa mchongaji hutazama shingo, upara na makunyanzi. Vespasianus alichongwa kama mzee alivyokuwa, shingo nene na kichwa kisicho na nywele. Augustus, aliyefariki akikaribia miaka 76, alibaki kijana kwenye fedha yake hadi mwisho. Kwa mmoja mchongaji alifuata mtu, kwa mwingine akafuata cheo.

Kipimo hicho kinazifaa pia sarafu zilizopita Dodoma, Singida na Tabora. Rupia ya Wajerumani, iliyoanza kugongwa 1890, ina Kaisari Wilhelm II katika kofia ya chuma yenye tai utosini, na maandishi ni ya Kilatini: GUILELMUS II IMPERATOR. Kazi ni safi, lakini kwa jicho langu kofia imepata mapenzi kuliko uso.

Vita Kuu ya Kwanza vilipofunga bahari, Wajerumani waligonga fedha zao wenyewe Tabora mwaka 1916. Dhahabu ya sarafu ya rupia 15 ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Kaisari hayumo. Upande mmoja una tai wa dola. Upande wa pili tembo ameinua mkonga, milima nyuma yake. Sarafu ndogo za heller za shaba nyeupe za mwaka huohuo ni kazi ya haraka, nazo hazijifichi. Waingereza wakaja na shilingi ya 1921: George V na taji lake, nyuma simba. Ni kazi ya kawaida ya himaya.

Ya kukaa nayo ni shilingi ya 1966, mwaka uleule Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kazi. Mchoraji ni Mwingereza Christopher Ironside, ambaye baadaye alibuni nyuso za nyuma za sarafu mpya za nchi yake. Alimchora Mwalimu Nyerere akitazama kushoto, kichwa kitupu: bila taji, bila kofia, nywele fupi na kisharubu. Cheo hakionekani popote. Ukiigeuza unakuta mkono umeshika mwenge; kwenye senti 50 ni sungura.

Tatizo ni muda. Sura hiyo ya mtu wa miaka 44 iligongwa kwenye shilingi hadi 1984, Mwalimu akiwa na miaka 62. Chama tawala TANU kilipoamua 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, tayari uso wa sarafu ulikuwa nyuma ya mwenyewe. Ironside alianza kwa kufuata mtu kama ilivyokuwa kwa Vespasianus, lakini kugongwa tena na tena kukamwingiza Mwalimu katika njia ya Augustus, tena bila yeyote kuamuru asizeeke.

Uso mwingine ni wa Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, aliyeuawa Aprili 1972. Yuko kwenye sarafu ya shilingi 200 ya 1998, na kwenye ile ya 500 ya 2014. Wachongaji wa sarafu hizo hawakuwa na mtu wa kukaa mbele yao, na inaonekana: kwenye shilingi 500, nyati wa upande wa pili ana uhai zaidi.