Hakimu Ambaye Ushahidi Wake Ulikataliwa

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kundi letu alipigwa sokoni akisingiziwa kuiba simu. Mimi nilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Niliona kila kitu, na aliyeichukua simu hakuwa yeye. Sikusema neno. Nilijiambia, nani atamsikiliza mkimbizi anayemtetea mkimbizi mwenzake? Jioni vijana wakaniuliza, "Kaka, si ulikuwepo wewe?" Nikakosa jibu. Kikao kilichofuata nikawasimulia habari za Mifflin Wistar Gibbs, na leo naziandika hapa.

Gibbs alikuwa Mmarekani mweusi, alizaliwa Philadelphia mwaka 1823. Hakuwa mtumwa. Alifiwa na baba akiwa mdogo, akajifunza useremala. Mwaka 1850 akaenda California kama wengi waliosikia habari za dhahabu. Kazi ya useremala aliipata, lakini mafundi wazungu wakakataa kufanya kazi pamoja naye, basi akaanza kung'arisha viatu vya watu barabarani. Baadaye yeye na mwenzake Peter Lester wakafungua duka la viatu mjini San Francisco. Duka zuri, lenye wateja.

Siku moja akaingia mzungu, akachagua buti, akaomba awekewe mpaka atakaporudi. Akaja rafiki yake, akazitaka buti hizohizo. Akaambiwa zina mwenyewe. Akazing'ang'ania, akaondoka nazo. Kisha wakarudi wote wawili. Yule wa kwanza anadai buti zake! Akaanza kumpiga Lester kwa bakora nzito, na mwenzake amesimama kimya. Gibbs yuko palepale, anaangalia.

Kwa nini hakufanya kitu? Vijana walibishana sana hapa. Mmoja alisema ni woga tu. Lakini sheria ya California wakati ule ilikataza mtu mweusi kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mzungu. Hata kama Lester angeuawa mbele ya macho yake, Gibbs asingeruhusiwa kusimama na kusema, "Nilimwona huyu." Alikuwa na macho, na mbele ya sheria ni kama hana.

Hakukaa kimya baada ya hapo. Alishiriki kuanzisha gazeti la watu weusi, *Mirror of the Times*, na akawa kwenye mikutano ya kudai haki hiyo ya ushahidi. Yeye na Lester wakakataa pia kulipa kodi ya kichwa: mnatunyima kura, halafu kodi mnaitaka? Serikali ikakamata viatu vyao ikavipeleka mnadani. Rafiki yao mmoja, mzungu tena mtu wa Kusini, akapita katikati ya umati akiwaomba watu wasinunue. Hakuna aliyetaja bei. Viatu vikarudi dukani. Hapo vijana walicheka, wakapiga makofi.

Lakini maisha yalizidi kubana, na mwaka 1858 mamia ya watu weusi waliondoka California kwenda Victoria, mji wa koloni la Waingereza ambalo leo ni sehemu ya Kanada. Gibbs alikuwa miongoni mwao. Alifanya biashara, akajenga maisha, na mwaka 1866 akachaguliwa kuwa diwani wa mji. Mgeni, diwani! Tusidanganyane lakini: huko pia walibaguliwa, hata kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza. Hukohuko Victoria ndiko alikoanza kusoma sheria.

Vita vya Marekani viliisha, utumwa ukafutwa mwaka 1865, naye akarudi. Akaendelea na masomo ya sheria, akahamia Little Rock, Arkansas, na mwaka 1872 akawa wakili. Mwaka uliofuata wananchi wakamchagua kuwa hakimu wa jiji. Huhesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza Marekani kuchaguliwa kwenye kiti cha namna hiyo. Aliyekatazwa kutoa ushahidi sasa ndiye anayesikiliza ushahidi wa watu wote, weupe kwa weusi. Kiti chenyewe hakukikalia muda mrefu. Siasa za Kusini ziligeuka upesi. Alishika kazi nyingine za serikali, na uzeeni akatumwa kuwa balozi mdogo wa nchi yake huko Madagaska, hadi 1901.

Mwaka 1902, akikaribia miaka themanini, alitoa kitabu cha maisha yake, *Shadow and Light*. Siku ile ya buti imo, pamoja na ile bakora nzito. Yote ambayo mahakama isingeyapokea kutoka kwake ameyaweka humo. Alifariki mwaka 1915.

Yule kijana wetu aliyepigwa alisikiliza mpaka mwisho, amejiinamia. Kisha akaniuliza, "Sasa kaka, wewe unaenda lini kusema?" Nimemwambia Jumatatu asubuhi. Tutakwenda wote wawili.