Kibanda cha Lupa na Nyumba ya Ifunda

Chunya ni nchi ya watu waliokuja. Dhahabu ya Lupa iligunduliwa mwaka 1922, na sifa zake zilipoenea katika miaka ya thelathini, wachimbaji wa Kizungu walifika kwa mamia, na vibarua wa Kiafrika, waliowazidi mara nyingi, kwa maelfu. Kibarua alisimika miti akaezeka nyasi. Dhahabu ya mahali pale ilipokwisha, alikiacha kibanda akamfuata tajiri wake kwingine. Mbeya ilikua kwa biashara ya dhahabu hiyo, wala hapakuwa na aliyejiona ana wajibu wa kuuliza kibarua amelala wapi.

Haikupita miaka mingi, katika nyanda hizo hizo za juu, utawala ule ule ukaonyesha kwamba kuwapa watu makao ni kazi inayowezekana. Waliopewa walikuwa Wapolandi. Tangu Februari 1940 Warusi waliwatoa watu wa mashariki ya Polandi majumbani mwao, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Mapatano ya Julai 1941 yaliwafungulia njia, na mwaka 1942 zaidi ya watu 100,000, askari na raia, walivuka Bahari ya Kaspi hadi Uajemi. Askari walikwenda vitani. Wanawake, watoto na wazee wakatafutiwa pa kukaa, na maelfu yao wakaletwa Afrika ya Mashariki. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000. Katika nyanda za kusini walipelekwa Ifunda, karibu na Iringa, na Kidugala, penye misheni ya zamani ya Wajerumani.

Nyumba zilijengwa kwa mikono ya Waafrika, jambo lisilosemwa mara nyingi. Lakini nyumba ilikuwa mwanzo tu. Palikuwa na posho, mganga, kanisa, na shule iliyofundisha kwa Kipolandi, kwa maana mtoto aliyepoteza kwao asipofundishwa lugha yake hupotea mara ya pili. Mama aliyefika amedhoofika kwa njaa alipewa paa, kisha hakuachwa peke yake chini ya paa hilo. Ni kweli kwamba gharama zilibebwa na serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London pamoja na Waingereza, na kwamba wakati ule ulikuwa wa vita. Hata hivyo, fedha hazitoshi kueleza tofauti ya kibanda cha Lupa na nyumba ya Ifunda. Mpolandi alihesabiwa kuwa mtu aliyepoteza makao. Kibarua alidhaniwa ana kwao kijijini, hata kama hakurudi huko miaka kumi.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, mashariki ya Polandi ilibaki mikononi mwa Warusi. Wengi wa wakimbizi hawakuwa na pa kurudi, na msaada ukaendelea: kuanzia mwaka 1947 Shirika la Kimataifa la Wakimbizi liliwatafutia nchi mpya, na wengi wakaenda Uingereza, Kanada na Australia.

Huko Chunya mgodi wa Saza ulifungwa katikati ya miaka ya hamsini, na vibarua wakatawanyika kama walivyokuja. Wakati huo kambi ya Ifunda ilikwisha geuzwa shule ya ufundi, na vijana wa Kiafrika walikuwa wakijifunza humo uashi na useremala.